Tulimpelekea askari mzee maharage, akatuuliza nani atayapika

Wakuu, hodi humu ndani.

Nawaandikia kutoka Bunia, Ituri. Kiswahili changu nimekinyoosha kwa ajili yenu, kikipinda njiani mnivumilie. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na sitaruka hata pale yanaponiaibisha.

Mimi ni mama wa soko. Nauza maharage. Mzigo unatoka Marabo, na kuna wakati ile barabara ilikuwa haipitiki kabisa. Askari wakakaa pale, mvua yao jua lao, mpaka magunia yakaanza kupita tena.

Siku hizi kuna amani. Amani ya kwetu lakini ni maziwa yaliyo motoni, huwezi kuyapa mgongo.

Basi kwenye kikundi chetu, wanawake kumi na mmoja wa mtaa wa Lumumba, nikatoa wazo. Twende hospitali tukawashukuru askari wazee waliolazwa. Mimi nikitoa wazo huwa sisubiri kura, nikaanza kugawa majukumu palepale.

Tukakusanya maharage, mchele, sukari na sabuni. Kwa sare tukachagua kitenge chetu cha pamoja, cha buluu.

Mama Neema, aliyekimbia vita kule Djugu akahamia mtaani kwetu, akaniambia kwa upole, "Mama Furaha, hii kitenge watu wanaijua. Njo ya matanga."

Kweli tulikishona kwa msiba wa mwenzetu. Nikamjibu kitenge ni kitenge. Sikio la kufa halisikii dawa, wakuu.

Tukaingia kwa mstari, mabeseni kichwani, tukiimba polepole. Uani walikuwepo watu wanaowauguza ndugu zao, wanapika kwenye makaa. Walipotuona wakashika vichwa. Mama mmoja akaangusha mwiko akakimbilia ndani kumwangalia mume wake. Wawili wakaanza kulia kabisa.

Tukaingia wodini. Kisha mzee mmoja wa kitanda cha mwisho akanyanyua shingo.

"Wamama, mungoje kidogo. Mimi siyakufa bado."

Watu wakacheka hadi muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Nilitamani beseni linifunike.

Huyo ndiye Muzee Mbuyi. Mtu wa Kasai, mbali sana na kwetu, jeshi lilimleta huku akiwa bado na nywele nyeusi. Alipigwa risasi ya mguu kwenye ileile barabara ya Marabo. Kidonda kilifunga, miaka ikapita, kikafunguka upya.

Nikatoa hotuba yangu. Nilikuwa nimeiandaa na ilikuwa nzuri, sitaficha. Mzee akapokea kwa mikono miwili, akaangalia lile furushi la maharage makavu.

"Aksanti sana. Sasa hii maharagi, nani atanipikia?"

Niwaeleze wa mbali. Kwetu mgonjwa analazwa pamoja na mtu wake. Tunamwita garde-malade. Huyo ndiye anayepika, anayefua, anayemgeuza mgonjwa, anayelala chini pembeni ya kitanda. Mke, dada, mama, lakini lazima awepo. Mimi mwenyewe nimekuwa garde-malade mara tatu. Na sikujiuliza kwa nini pembeni ya kitanda cha yule mzee hapakuwa na sufuria wala mkeka.

Alikuwa anakula kinachobaki kwa majirani.

Muuguzi akanivuta pembeni. Mguu umeoza. Daktari anataka kuukata kabla wiki haijaisha, vinginevyo sumu itaingia kwenye damu na mzee atakufa. Mzee amekataa.

Nikarudi kumuuliza anaogopa nini.

"Muguu siiogope. Lakini wakishakata, nitalala tu pale. Nani atanipatia maji? Nani atanigeuza? Mimi sina watu hapa. Mutu bila watu, operesheni iko kujizika."

Nilikasirika. Nilijikasirikia mimi na hotuba yangu.

Nikawatoa wenzangu uani. Nikawaambia tumempa asante ya kuonekana, sasa tumpe ya kufanya kazi. Tuwe garde-malade wake, kwa zamu.

Wakatazamana. Kupika, sawa. Lakini kumwogesha mwanaume asiye wako? Kwetu hilo ni jambo zito, na watu wana midomo.

Akasema Mama Neema, ambaye ndiye niliyedhani ana sababu ya kukataa, maana bunduki ndizo zilizomtoa kwake.

"Kaka yangu alikufia mu kilima. Sikumuosha. Huyu nitamuosha."

Nililia, wakuu. Mbele ya watu.

Tukaingia tena, tukamweleza mzee kuhusu zamu zetu. Muuguzi akafungua karatasi ya kukubali operesheni, ambayo lazima ndugu atie sahihi, akaniuliza, "Weye ni nani yake?"

"Dada yake."

Akaniangalia, akamwangalia mzee. Hatufanani hata kope. "Muzee, huyu ni dada yako?"

Mzee akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilijua akisema hapana, basi.

"Njo dada yangu," akasema. "Mukubwa."

Ananipita miaka kumi na tano huyo mtu. Nikalimeza hilo, nikatia sahihi.

Siku ya operesheni hakuna aliyefungua meza sokoni. Tulikaa uani sote, na uji ulipoa mara mbili tukaupasha.

Mchana muuguzi akatokea mlangoni.

"Mugonjwa wenu ameamuka. Anauliza watu yake wako wapi."

Wanawake kumi na mmoja tukasimama kwa pamoja.

Nilichojifunza: ukitaka kumshukuru aliyekulinda, kwanza uliza nani anamlinda yeye. Sabuni peleka, sukari peleka, lakini chungulia kama kuna mkeka pembeni ya kitanda. Kama haupo, tandika wako.

Haya, uwanja ni wenu. Huko kwenu mgonjwa asiye na ndugu anauguzwa na nani? Na wa kuniuliza mume wangu alisemaje, alisema maharage niliyopika yamezidi chumvi, sawasawa na alivyosema Muzee Mbuyi.