Swali la Payote

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa stesheni ya Kamina alinikabidhi bendera mbili, taa na filimbi, kisha akaniambia niketi. Nilidhani atanipongeza.

"Weye iko mutoto wa reli," alisema, maana baba yangu alikuwa fundi wa njia na sisi sote tulizaliwa katika kambi ya wafanyakazi. "Basi sikia. Hapa usiamini kinywa ya muntu. Mashinisti akisema njia iko wazi, uliza karatasi. Hata minyi nikisema njia iko wazi, uliza karatasi."

"Na karatasi ikidanganya, shefu?"

Alinitazama kidogo. "Uliza nani aliiandika."

Hiyo ndiyo shule yangu, na sikuwahi kuhitimu. Vijana wa leo mnadhani shefu wa treni ni dereva. Sivyo. Dereva ni mashinisti, naye yuko mbele na lokomotiva. Shefu wa treni hukaa nyuma kabisa, katika behewa la mwisho tuliloliita furgo, na abiria, mizigo na saa ya kuondoka viko mkononi mwake. Reli yetu ni moja tu, anayekwenda na anayerudi wanapita palepale, kwa hiyo treni haitoki bila ruhusa ya njia. Ni karatasi: stesheni ya mbele inatamka kwa simu, stesheni yako inaandika. Ukiondoka bila hiyo, unaweza kukutana na treni nyingine uso kwa uso katikati ya pori.

Nilianza na treni za mizigo. Baadaye nikapelekwa Kaniama, chini ya shefu wa stesheni aliyekuwa akichoma magunia ya mahindi kwa sindano ndefu, eti abiria wasio na tiketi hujificha humo. Hakumpata hata mmoja, ila mimi nilimheshimu sana. Niliporudi Kamina nikapewa treni za abiria, na huko ndiko nilikokutana na swali lililonisumbua miaka yote.

Kamina ni njia panda. Reli moja inakwenda Kaniama na Kasai, nyingine inapanda kaskazini kuelekea Kabongo. Katika miaka ile ya tisini treni ingeweza kusimama hapo siku moja, tatu, au juma zima, ikingoja mafuta, ikingoja lokomotiva, ikingoja neno la mkubwa fulani. Behewa la chuma lililosimama juani si mahali pa mtu. Kwa hiyo kina mama wa mtaa walijenga payote kando ya reli: nguzo nne, paa la nyasi, mkeka, beseni la maji na mbabula ya kupikia. Abiria alikodi kwa siku, akaosha watoto, akapika, akalala kivulini.

Basi kila treni iliposimama, waliniita dirishani: "Shefu, tupange ao tubaki?"

Msiwacheke. Ukikodi na treni ikaondoka, umeachwa Kamina, na nafasi uliyoipigania kwa viwiko Lubumbashi, treni ilikoanzia, imekwenda zake. Ukibaki na treni isiondoke, umejioka bure. Ziko dalili za kutazama. Lokomotiva ikikatwa, yaani ikitengwa na mabehewa, una muda, kwa sababu wakiiunga tena lazima wajaribu breki behewa kwa behewa. Dalili kubwa kuliko zote ilikuwa godoro. Mashinisti akishusha godoro lake, watu walikodi bila kumwuliza mtu.

Mimi godoro lile nililitilia shaka. Niliona linashuka, payote zinajaa, na mashinisti anakula ugali na samaki kwa hao hao kina mama, halipi. Nikajiambia, mkono mtupu haulambwi. Nikanunua daftari dogo, nikawa naandika: mama fulani, payote zake, mashinisti aliyekula kwake, treni ilikaa siku ngapi. Nilinuia kumpelekea mkaguzi siku nikipata uhakika. Uhakika haukuja, nami badala ya kuacha nikazidi kushuku, nikiona kwamba mwizi asiyeacha alama ndiye hodari.

Kisha vita vikaja kutoka mashariki, na mwaka wake wa pili nilikuwa na treni ya kwenda Kabongo. Katika behewa la tatu alikuwamo Zaina, mfanyabiashara wa vitenge, wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema zamani. Alikuwa na mama yake mzazi, mgonjwa, amelala juu ya benchi nyuma ya magunia. Nilimwita Kambo, kama tunavyowaita bibi zetu. Kambo alitaka kufika Kabongo kwa kaka yake. Alikuwa amekwisha sema waziwazi kwamba anakwenda kufa, na kwamba anataka mwanawe wa pekee awe mbele yake siku hiyo.

Tulisimama Kamina asubuhi. Jua lilipopanda, alikuja Mama Ngoie, mwenye payote ya karibu zaidi na reli.

"Mama, kuya na muzazi wako," alimwambia Zaina, akimwita kwa mkono. "Payote yangu iko na baridi."

Zaina aliuliza bei, akaambiwa. Kwa mazoea ya soko akataja nusu yake. Mama Ngoie akakubali palepale.

"Ao lala bure," akaongeza. "Lakini shuka sasa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu mkononi. Bei ya Kamina haishuki namna hiyo.

"Bure juu ya nini?" nikamwuliza.

"Kambo iko mugonjwa, shefu."

"Bagonjwa banapitaka hapa kila siku. Ulishamupa nani bure?"

Alilitazama daftari mkononi mwangu. Kisha akamgusa Zaina mkono. "Mama, shuka tu," alisema, akaondoka.

Zaina akanigeukia. "Shefu, weye njo unajua. Kama treni inatuacha hapa, mama atakufia mu njia. Nishuke ao nibaki?"

Nilitazama dalili zangu. Lokomotiva haikukatwa. Godoro lilikuwa juu. Ruhusa ya njia ilikuwa imeandikwa, na aliyeiandika nilimjua. Nikaona mtego ulivyo: anawashusha bure, treni inaondoka, kesho atawatoza atakavyo kwa kuwa hawana pa kwenda.

"Baki," nikamwambia.

Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji kwenye bomba la stesheni ili ampoze mama yake. Hapo ndipo malori ya askari yalipoingia. Mkubwa wao akaamuru treni itolewe watu, inahitajika kaskazini. Abiria waliruka na mafurushi. Niliinua karatasi yangu ya ruhusa, na hakuitazama.

"Weye njo shefu ya treni? Panda."

"Mukubwa, iko mama mugonjwa mule ndani. Tumushushe."

"Hakuna wakati."

Askari walikuwa wamezuia watu upande wa bomba. Tulipoanza kusogea nilimwona Zaina amewaponyoka, anakimbia kando ya behewa akimwita mama yake, ndoo bado mkononi, maji yakimwagika miguuni. Treni ikamshinda.

Tuliposimama mara ya kwanza nilimbeba Kambo hadi kwenye furgo, nikamlaza kwenye mkeka wangu. Tulikwenda siku mbili, tukisimama kila mara. Alipozinduka alisema, "Zaina iko wapi?"

"Iko mu behewa ingine, Kambo. Askari wamejaa, njia ya kupita hakuna."

"Umwambie asikuye mbio. Treni inatikisika."

Aliuliza tena na tena, nami nikamjibu lile lile, na kila mara aliamini. Mimi niliyeshuku kila kinywa, kinywa changu yule mama hakukishuku hata mara moja. Kabongo nilimfikisha kwa kaka yake. Siku ya tatu alifariki bila kuzinduka tena, akazikwa jioni ile ile kama dini yao inavyotaka. Nilishika sepetu pamoja na wanaume wa nyumba ile.

Reli ilifungwa nyuma yetu kwa vita, nami nikakwama Kabongo. Majuma matatu yalipita ndipo Zaina akafika, amebebwa juu ya baiskeli ya mchuuzi, miguu imevimba. Nilimweleza yote pale uani kwa mjomba wake, hata uongo wangu sikuuficha.

"Aliniuliza?" akasema.

"Kila alipozinduka."

"Na alikubali ile uliyomwambia?"

"Alikubali."

Akainamisha kichwa. Hakunitukana wala hakunishukuru. Alimwomba mjomba wake amwonyeshe kaburi, wakatoka, nami sikualikwa kufuata.

Niliporudi Kamina nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Ngoie. Aliniambia kwamba mdogo wake alikuwa akiwapikia askari, na alfajiri ile alisikia kwamba treni itachukuliwa. Kuitangaza habari kama hiyo kulikuwa kifungo, au zaidi.

"Ungeniambia minyi," nikasema. "Ningewashusha bote."

"Weye?" Aliendelea kupepeta unga wake. "Weye uliandikaka majina yetu mu kitabu. Shiye bote tulijua weye iko mupelelezi. Minyi nilikuwa na watoto, shefu."

Niliona aibu ambayo haijaisha hadi leo.

Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa, nikastaafu kwa barua fupi yenye muhuri, kama wengine. Kazi niliipenda, na kijana akinijia nitamfundisha bendera, breki na karatasi bila kumficha kitu. Kuhusu godoro, niliulizia sana baadaye: mashinisti walilishusha kwa sababu walikuwa wamechoka, na kina mama waliwalisha kwa sababu walikuwa na njaa.

Zaina anaishi hapa Kamina, anauza vitenge karibu na soko. Nikipita ananisalimu vizuri, anaulizia afya ya mke wangu. Akitaka kusafiri, habari za treni anamwuliza mtu mwingine.