Chemchem Ipi, Njugu Ipi?

Nakumbuka vizuri siku niliyotangazwa kuwa maiti, mwanangu, na nilikuwa nimetoka kunywa chai dakika kumi tu kabla. Usicheke. Nilikuwa ugenini, katika nchi ya baridi, darasani pamoja na wenzangu kumi na watatu, kila mmoja na taifa lake. Nakusimulia haya kwa sababu mama yako ameniambia umechaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya namna ile ile, na kwamba umeshanunua begi. Begi nimeliona, ni zuri, lina magurudumu. Sasa kaa nikwambie mambo ambayo begi halibebi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mimi mzaliwa wa mtaa wa Mtendeni, binti wa fundi wa kanzu, na nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo hapa hapa Tabora. Kazi yangu ilikuwa kutunza vijidudu. Shoga zangu walinitania sana. Walisema wenzao wanafuga kuku, Zuhura anafuga wadudu wasioonekana. Wewe umesoma, unajua maana yake. Wapo bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, maharage na njugu, wanaoichukua mbolea iliyomo hewani na kuilisha mimea. Ukimpata aliye hodari na ukamtunza hai ndani ya chupa, mkulima mwenye shamba lililochoka anapaka mbegu zake kabla ya kupanda, na shamba linarudi kuwa kijani. Tulikuwa nao mia na kitu, kila mmoja na chupa yake, kwenye friji mbili.

Kipenzi changu alikuwa Arobaini na Moja. Nilimchimba mwenyewe, huko Chemchem, uani kwa bibi mmoja aliyelima njugu. Tulipomjaribu kwenye mashamba yaliyochoka ya upande wa Nzega, njugu zake zilisimama zimenawiri huku za shamba la jirani lisilopakwa zimepauka. Wakulima walianza kuja kituoni wenyewe kumuulizia, wengine wakimwita "dawa ya Zuhura". Kichwa kikanivimba, sikufichi. Na kwenye lebo ya chupa yake, na kwenye daftari langu, niliandika hivi: "41. Chemchem. Njugu." Basi. Niliona nimemaliza. Nani Tabora hajui Chemchem? Nani hajui njugu?

Baba yangu, Mungu amrehemu, hakupokea kitambaa cha mtu bila kukibandika kikaratasi: cha nani, urefu gani, mkono wa namna gani, kinachukuliwa lini. Nilikulia katikati ya vikaratasi vile na nikaona ni mambo ya mafundi cherehani, si ya watu wa maabara.

Turudi darasani. Mwalimu wetu aliitwa Marta, mama mfupi mwenye mvi, sweta lake limejaa kalamu mifukoni. Maisha yake yote alikuwa ametunza vijidudu vya nchi yake, maelfu, na alivizungumzia kwa heshima, kama unavyozungumzia wagonjwa uliokabidhiwa. Hakuna mtu aliyewahi kunivutia namna ile. Alitufundisha kukausha bakteria kwa baridi wakalala miaka na miaka kisha wakaamka, kuwagawa chupa mbilimbili na kuzitenga mahali mbalimbali, na kuziingiza taarifa zao kwenye kompyuta ili mtu aliye upande mwingine wa dunia ajue una nini. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Nilikuwa nakaa mbele kabisa, nikiogopa kupitwa na neno.

Wiki ya pili akatuambia tuweke madaftari yetu mezani, tubadilishane na jirani.

"Leo ninyi mmekufa," akasema. "Mwenzako ataingiza taarifa zako kwenye kompyuta. Haruhusiwi kukuuliza chochote. Maiti haulizwi."

Tukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, maana daftari langu lilimwangukia Athumani, kijana wa Mombasa. Wenzangu walikuwa wakihangaika na lugha za watu, mimi nimesomwa na Mswahili mwenzangu! Nikakunja mikono nikasubiri sifa.

Saa moja baadaye kila mtu alisoma alichoingiza. Zamu ya Athumani ikafika, akasoma kwa sauti yake ya taratibu: "Namba arobaini na moja. Ametoka kwenye mizizi ya karanga, kando ya chemchemi ya maji."

Niliruka kitini. "Karanga zimetoka wapi? Na chemchemi ya nini? Nimeandika Chemchem!"

"Dada Zuhura, kwetu njugu ni hizi za kukaanga, zauzwa barabarani kwa vikaratasi," akasema Athumani, amestaajabu kweli. "Na chemchem si pale maji yachimbukapo?"

"Njugu ni njugu mawe! Na Chemchem ni mtaa! Kila mtu anajua Chemchem!"

Darasa zima likanigeukia. Mwalimu Marta hakunikemea kwa ukali. Alikuja, akaliinua daftari langu kwa mikono miwili, akalisoma, akalirudisha.

"Maiti anapiga kelele," akasema. "Zuhura, nani ni 'kila mtu'? Nionyeshe mahali ulipomwandika."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Sisi watu wa Tabora tuna ugonjwa huo, mwanangu. Misafara yote ya zamani ilipita kwetu, kwa hiyo tunadhani dunia nzima inazijua njia zetu. Jioni ile nilinuna, nikamwandikia dada yangu barua pepe ndefu nikimsengenya mwalimu. Nilimwita mama mkali asiyejua Kiswahili. Ndivyo nilivyokuwa.

Wiki mbili hazikupita, simu ikaja kutoka kazini. Umeme ulikuwa umekatika siku kadhaa mfululizo, jenereta halikuwaka, friji zote mbili zikachemka kwa joto la Oktoba. Chupa nyingi ziliokolewa. Arobaini na Moja, yule niliyekuwa nikimtoa kila mara kuwaonyesha wageni na kumrudisha, alikufa chupa zote tatu. Sikuwa nimemkausha. Sikuwa nimemtenga mahali pengine. Nililia mbele ya Mwalimu Marta bila kujali. Akanivalisha sweta lake, akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonirudisha nyumbani na akili: "Amekufa kwenye chupa. Hajafa kwenye udongo. Rudi ulikomtoa."

Nikarudi. Siku ya tatu tu baada ya kushuka, hata zawadi sijagawa, nikaenda Chemchem na kijiko changu na mifuko ya sampuli. Nikasimama njiani. Na hapo, mwanangu, nikajua kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nasoma daftari la maiti. Miaka mitano ilikuwa imepita. Chemchem nyumba zimejaa, nyingine mpya. Bibi yule alikuwa anaitwa nani? Sikumwuliza. Nyumba ipi? Sikuandika. Nikashika cheti changu cha ng'ambo, nikaanza kubisha hodi nyumba moja moja nikiuliza kama wanalima njugu uani. Wengine walidhani natoka ofisi ya ardhi, wakanifungia milango. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama nimekula.

Nilizunguka siku tatu. Kilichoniokoa ni tumbo, wala si elimu. Nilikumbuka kwamba bibi yule alinichotea njugu alizochemsha na chumvi, nikala huku nachimba. Nilipobadili swali, nikauliza ni bibi gani aliyekuwa akimwonjesha njugu kila apitaye, mwuza mkaa akajibu hata bila kufikiri: "Huyo ni Bi Kabula. Mwanawe kamchukua, yuko Nzega. Nyumba wameuza."

Kesho yake nilikuwa Nzega. Nikamkuta ameketi kibarazani kwa mwanawe, anapepeta mahindi. Nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwangaluka," akaniongezea salamu ya Kinyamwezi. Akanitazama, akanitazama tena. "Wewe si yule binti mwenye kijiko?"

Nilimweleza shida yangu yote: bakteria, mafunzo ya ng'ambo, friji, umeme, na jinsi wakulima wa huku huku Nzega watakavyokuja msimu ukianza na mimi sina cha kuwapa. Akasikiliza huku ungo unaenda. Nilipomaliza akauweka chini.

"Ulikuja kwangu ukala njugu zangu, ukachimba udongo wangu, ukaenda na habari zake mpaka kwa Wazungu," akasema. "Mimi naitwa nani?"

"Bi Kabula."

"Hilo umelijua jana."

Darasani nilikosea wapi na nini, lakini huyu aliniuliza nani, na swali lake liliniuma zaidi. Nikamwomba radhi. Akanionyesha pa kukaa, kisha akaanza kusema, na mimi nikaandika kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Nyumba ya tatu kutoka pampu ya maji, mlango unatazama machweo. Nyuma ya jiko, lakini si upande wa majivu. Upande wa pili, hatua sita kutoka ukuta wa choo cha zamani, hatua zangu si zako. Pale sijapanda mahindi hata mara moja, tangu nimeolewa. Njugu mawe tu, mbegu za mama yangu, nyeupe zenye jicho jeusi. Na wewe ulikuja siku ya Ijumaa, mvua imekatika siku mbili, maua yametoka. Nilikwambia keti, ukasema unawahi kumpikia baba yako akitoka msikitini."

Mwanamke yule hakuwahi kushika kalamu. Nimekaa na maprofesa wengi katika kazi hii, na sijapata kusikia taarifa ya sampuli iliyokamilika kuliko ile. Mahali, mmea, mbegu, historia ya shamba, hali ya hewa, siku, na mchukuaji. Vyote alivitunza miaka mitano kichwani kwa ajili ya mgeni ambaye hakuuliza hata jina. Nilimheshimu kuanzia dakika ile kama nilivyomheshimu Mwalimu Marta, na mpaka leo nikiwakumbuka nawaona wameketi pamoja, japo hawakuwahi kuonana.

Nikarudi Tabora mbio. Nyumba ya tatu kutoka pampu, jiko limeshavunjwa, mafundi wanachimba msingi wa vyumba vya kupangisha. Msingi ulikuwa umeanzia kwenye ukuta wa choo ukafika hatua nne, zimebaki mbili. Nikawasihi wanipishe.

"Dada, udongo tu ndio unautaka?" mmoja akacheka. "Chukua wote, utupunguzie kazi."

Nikachukua ndoo mbili. Maabara nikapanda njugu mawe nyeupe zenye jicho jeusi alizonipa Bi Kabula, ndani ya udongo ule, nikasubiri wiki baada ya wiki nikiwa sina usingizi wala hamu ya kula. Siku nilipong'oa mche wa kwanza, vinundu vilikuwa vimejaa, na nilipokipasua kimoja ndani kilikuwa chekundu kama nyama, ishara kwamba bakteria wake wako hai na wanafanya kazi. Nilipiga kigelegele peke yangu mle ndani, mkuu wangu akadhani nimeungua.

Tulimpata bakteria hodari. Mkuu akaniambia niandike "41" tupumzike. Nikakataa. Wa zamani alikuwa amekufa, hatukuwa na wa kumlinganisha naye, na sikuweza kuapa kwamba ni yule yule. Nikampa namba mpya, 112, na nikaandika kwamba huenda ni ndugu yake 41, hatujui. Nikaandika njugu mawe kwa Kiswahili na kwa jina la kitaalamu, nikaandika Chemchem ni mtaa wa mji wa Tabora, pampu, jiko, choo, hatua sita. Na penye nafasi ya mtoa sampuli, ambayo zamani niliiruka, nikaandika: Kabula, mkulima. Nikamkausha, nikaingiza taarifa zake kwenye kompyuta, nikampeleka chupa mbili kituo kingine mbali na hapa. Wakulima wa Nzega walimpata msimu uliofuata. Bi Kabula nilimsomea maandishi yale kibarazani kwake, akaniambia nirudie penye jina lake, nikarudia. Mwaka uliofuata alifariki, na ule uwanja wake sasa ni vyumba vinne na bomba la kuogea.

Basi mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Nenda ukajifunze mashine zao zote na usione haya kuwastahi walimu wako, maana kuna watu huko wametoa umri wao wote ili kitu kisichoonekana kisipotee. Ila kila unapoandika, mwandikie mtu ambaye hajawahi kufika kwenu na ambaye hatakukuta hai. Usimwachie "kila mtu" kazi ya kujua. Usiandike unalolidhania kana kwamba unalijua. Na kabla hujachimba udongo wa mtu, keti, kula alichokupa, uliza jina lake na uliandike kabla ya jina lako.

Ukifika huko, siku watakayokufungulia kompyuta, mtafute 112. Utamkuta Bi Kabula.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, akulinde na baridi ya watu, aitulize mikono yako na ayafungue masikio yako. Akurudishe Tabora salama, umejaa elimu na huna majivuno. Na siku wakikuambia umekufa, mwanangu, daftari lako liitike.