Barua ya Binti Yangu kwa Baba Krismasi

Wifi yangu anaishi Dar es Salaam, na kila anachokijua kuhusu kulea watoto amekiona kwenye simu. Watoto wake wawili wanalelewa na dada wa kazi, lakini ukimsikiliza utadhani ndiye aliyevumbua utoto.

Mwaka juzi alitangaza kwamba Krismasi tutakula wote kijijini Ihanda, kwa mama yake, na safari hii itakuwa "ya kifamilia kweli." Nikajiuliza zile za nyuma zilikuwa za nani. Miaka yote mimi na wanangu tulitoka Tunduma siku ya mkesha, pamoja na mume wangu kama lori lake limerudi. Watoto walikata tawi la mti, wakalifunga maputo. Kesho yake tulisali, tukala wali na kuku, kisha wakazunguka kijiji kizima wakidai, "Nipe Krismasi yangu!" Hata mwenye duka, ambaye ni Mwislamu, aliwawekea pipi pembeni. Walirudi jioni na matope hadi magotini. Hakuna aliyeyaita hayo desturi.

Wifi alishuka na mti wa plastiki, pajama nyekundu za kufanana za watu wote, na mumewe, mwanamume mnene mpole anayefanya anachoambiwa. Theluji bandia ya kopo aliisahau Dar, kwa hiyo akachota unga wa ngano jikoni na kuunyunyiza juu ya mti barazani.

"Mwanangu, huo si unga wa maandazi?" mama mkwe akauliza.

"Mama, hii ni theluji."

"Haya."

Kuku wakaila. Iliyobaki ikapigwa na mvua, ikawa uji. Wifi akapiga picha kabla haijawa uji, hilo ndilo lililokuwa muhimu. Kwenye picha hiyo yumo mama mkwe wangu, mwanamke aliyezika mume akalima kahawa peke yake na kusomesha watoto watano, amekaa kwenye kigoda amevaa suruali ya kulalia yenye wanyama wa mapembe. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeona aibu kwa niaba yake.

Mchana huo wa mkesha, wifi akagawa karatasi. Kila mtoto amwandikie Baba Krismasi barua, kisha asome mbele ya kamera. Watoto wake wakaomba vitu ambavyo bila shaka vilikuwa tayari kwenye begi. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka minne, alichora mpira. Binti yangu, aliyekuwa darasa la kwanza, akasoma taratibu, kidole kikifuata maneno: "Baba Krismasi naomba umlete baba."

Mume wangu alikuwa wiki ya tatu kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo.

"Jamani!" wifi akasema, simu bado juu. "Rudia mpenzi, sauti haikutoka. Ukiwa mtoto mzuri, atamleta."

"Wifi, usimwambie hivyo."

"Na wewe wifi! Mwache mtoto aamini. Utoto ndio huo."

Nikanyamaza. Nilikuwa mgeni kwa wakwe, sikutaka ugomvi siku ya mkesha. Wifi yangu nilimdharau kwa pajama. Mwenyewe nilijidharau kwa kunyamaza kule.

Krismasi, tuliporudi kutoka kanisani na kuvalishwa tena pajama, mume wa wifi akatoka stoo amevaa joho jekundu na ndevu za pamba, jasho likimchuruzika. Watoto wakapiga kelele. Akagawa zawadi. Binti yangu akapokea mdoli, akapiga magoti kushukuru kama alivyofundishwa, kisha akampita, akaingia stoo. Nikamsikia akisogeza magunia ya mahindi. Alipotoka akauliza, "Yuko wapi?"

"Nani, mpenzi?" wifi akauliza, simu ikimfuata.

"Baba."

Hapo yule mwanamume mnene akazivuta ndevu zake chini, akapiga magoti kwenye vumbi. "Mwanangu, ni mimi anko. Baba yako yuko kwenye foleni, mbali. Siwezi kumleta. Tulikudanganya."

Mtoto akalia bila sauti, mdomo wazi. Na wifi, Mungu ananisikia, akamwambia mumewe, "Sasa umeharibu video!"

Nilimwambia wifi mambo ambayo hayaandikiki, mbele ya mama yake na watoto wake, nikiwa bado nimevaa ile pajama yake ya kipuuzi. Mama mkwe hakunikataza. Alimwambia binti yake neno moja tu, "Zima," akamshika mjukuu mkono, wakaenda jikoni kukaanga maandazi kwa unga uliobaki.

Wifi na familia yake waliondoka kesho yake. Video ilirushwa mtandaoni ikiishia pale barua inaposomwa, na watu wasiotujua wakaijaza mioyo.

Mume wangu alifika siku tano baadaye kwa bodaboda, amelowa. Binti yetu hakumkimbilia kama zamani. Alisimama mlangoni akamtazama kwanza, akauliza, "Umekuja mwenyewe?"

"Nije na nani?" baba yake akashangaa, akambeba.

Mwaka jana wifi alinipigia, akasema amepata mawazo mapya mazuri kwa ajili ya watoto. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwambia apige kwanza kwa mama yake kuomba ruhusa, na hadi leo hajapiga.