Sita ya Shangazi

Fundi vigae alikuwa na sakafu za kung'aa katika nyumba za watu wengi, ila kwake mwenyewe barazani palikuwa saruji tupu. Mganga hajigangi. Mkewe hakuchoka kumkumbusha: "Baba Chiriku, wenzako wanateleza kwa vigae vyako, sisi huku tunajikwaa kwenye mashimo." Chiriku lilikuwa jina la utani la binti yao wa pekee, mtoto wa darasa la nne aliyeanza kusema kabla meno hayajaisha kuota, na tangu hapo ulimi wake haujapata likizo.

Kitu kimoja tu kiliweza kumnyamazisha, nacho ni kifafa. Kilimjia bila hodi, kikamwangusha, kikamwacha amechoka hata jina lake asilijibu. Mwalimu mkuu alipopata habari aliwaita wazazi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye shule ya ghorofa.

"Niambieni huwa anaanguka saa ngapi, nitajipanga," alisema. "Lakini kama ni saa yoyote, na ngazi zile, mzazi mwenzangu, ninaogopa."

Wazazi hawakuwa na saa ya kumtajia. Fundi alikuwa akilala kwenye majengo ya watu wiki hata wiki. Mama alikuwa naye usiku wa kawaida, lakini mwisho wa juma alishika zamu ya kufua nguo hospitalini, na mtoto akalala kwa shangazi yake, dada mkubwa wa fundi. Shangazi alikuwa akileta habari Jumapili jioni akimrudisha: ameanguka tena, hakuumia, hakujing'ata ulimi. Mama akishasikia hakuumia, hakuuliza zaidi. Basi Chiriku akakaa nyumbani, akifundisha kuku hesabu za kugawanya.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyewaonyesha njia. "Kila anapoanguka, andikeni tarehe na saa. Mama aandike, shangazi aandike. Halafu baba uziweke zote kwenye jedwali moja, uchore na grafu. Jedwali linapanga, grafu inaonyesha. Nikishaona, shuleni nitapiga simu mimi mwenyewe."

Miezi ikapita, saa zikaandikwa kwenye kalenda mbili, ya mama na ya shangazi. Jumapili moja fundi akarudi na kalenda zote, akachora jedwali kwa penseli ya kazi: tarehe, saa, nani aliona. Jedwali alilimudu. Grafu ndiyo iliyomtoa jasho. Alikosea, akafuta, karatasi ikatoboka.

"Wewe si hupanga miraba maisha yako yote?" mkewe akamwambia. "Hiyo grafu ina nini zaidi ya miraba?"

Fundi akamtazama. Akanyanyuka, akaburuta barazani ndoo ya vipande vilivyobaki kazini, vyote ukubwa wa kiganja kimoja. Akapiga mstari kwa uzi wa chaki kando ya ukuta na kuandika saa chini yake, kuanzia saa moja ya usiku hadi kumi na mbili alfajiri, kisha saa moja ya asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Kila anguko kigae kimoja juu ya saa yake. Vyeupe vya mama, vya buluu vya shangazi.

Chiriku akawa msomaji wa kalenda. "Mama, kumi na mbili!"

"Zangu zote alfajiri," mama akasema.

Vyeupe vikapanda: safu fupi kwenye kumi na moja, ndefu kwenye kumi na mbili. Fundi akaanza kupumua. Anguko la alfajiri mtoto akiwa kitandani, hilo mtu anaweza kuishi nalo.

"Shangazi, sita," Chiriku akasoma. "Sita tena. Tano. Sita."

Mkono wa fundi ukasita. Hapakuwa na neno la usiku wala la mchana, tarakimu tu.

"Usiku wa manane wifi yangu anakoroma kama mashine," mama akasema polepole. "Hiyo ni sita ya mchana."

Saa sita mchana, watoto wanashuka ngazi kwenda kunywa maji. Fundi akaweka kigae cha buluu, na kingine, na kingine, na kila kimoja alihisi anamzibia mwanawe mlango wa shule kwa mkono wake mwenyewe. Mama akageuza uso. Hata Chiriku alinyamaza, na hakuwa ameanguka.

Fundi akarudi nyuma hadi ukingo wa baraza, kama afanyavyo kila sakafu kabla ya kumwaga gundi. Kwa mbali ndipo jicho la fundi huona. Akaona safu fupi na safu ndefu, nyeupe. Akaona safu fupi na safu ndefu, za buluu. Ua lilelile la vigae, limewekwa mara mbili, kama fundi mlevi aliyeruka miraba. Akahesabu aliruka mingapi. Sita.

Akachukua simu.

"Dada, shikamoo. Hii sita yako kwenye kalenda, ni ya mchana?"

"Marahaba. Mchana gani? Jumamosi mchana mtoto yuko uani anaruka kamba, aanguke saa ngapi? Ni sita ya simu!"

"Ya simu?"

"Sifuri sita, alfajiri! Mimi si mlinzi wa geti? Getini magari yote tunaandika kwa saa ya simu. Kalamu imeshazoea hivyo, mdogo wangu. Kwani ninyi mlisoma nini?"

Fundi akaiweka simu chini. Akapiga magoti na kuanza kuvihamisha vya buluu, kimoja kimoja, miraba sita kurudi alfajiri. Buluu ikakaa juu ya nyeupe. Safu mbili tu zikabaki barazani, zimesimama alfajiri, na mchana wote ukawa saruji tupu.

Miaka yote alikuwa amepanga vigae ili watu wavikanyage. Hakujua kwamba vinaweza kusema. Aliogopa hata kuvigusa tena. Mama naye alisimama mkono mdomoni, akitazama ile saruji aliyokuwa akiisimanga kila siku, na hakuwa amewahi kuona sakafu nzuri kama ile.

Chiriku akavua ndala. Akaingia mchana, akasimama saa mbili asubuhi. "Baba, nimewahi kuanguka hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?" Saa tatu.

"Hapana, mwanangu."

Akaenda hivyo, saa nne, saa tano, sita, saba, mpaka saa nane wanafunzi wanaporudi nyumbani, na baba akajibu kila mraba.

Mtoto akageuka. "Sasa mbona nilikuwa nyumbani?"

Mama aliingia ndani, na baada ya kitambo wakasikia kabati likifunguliwa, na sare ya shule ikikung'utwa vumbi.