Jaribio la Tumbo Tupu

Alexis alikuwa fundi wa maboti, tena si fundi wa kubahatisha. Ukiwahi kupanda boti la mbao, hizi baleinière zetu za Kisangani, kuteremka mto kwenda Isangi au Barumbu, huenda ulilala juu ya mbao alizopigilia yeye. Alizaliwa upande wa Yanonge, kwa wavuvi, akaingia mjini kijana na nyundo ya baba yake mkononi, na sifa aliyojijengea mjini ilikuwa moja tu: ghorofa. Zamani boti lilikuwa na tumbo peke yake, watu na mizigo wakibanana humo, jua kichwani na mawese miguuni. Alexis ndiye aliyewapandisha watu juu. Aliweka sakafu ya pili juu ya nguzo, akaizungushia ukingo, akaiezeka turubai. Watu waliipenda mno. Huko juu kuna upepo, mtu ananyoosha miguu, anapika, anatongoza. Wenye maboti walimgombania.

Ghorofa moja kati ya hizo ilimuua mke wake. Au haikumuua. Hilo ndilo lililokuwa likimla ndani kwa ndani.

Chimène, mkewe, alikuwa akiuza chumvi na sabuni kwenye masoko ya mtoni. Siku hiyo boti liliondoka Kisangani limeshiba saruji, maji yakilamba ukingo, na abiria wote ghorofani wakisali. Isangi wakashusha saruji. Boti likainuka majini, jepesi, na watu wakapiga makofi wakisema sasa limepumua. Kona ya kwanza tu, upepo wa kawaida, hata si wa mvua, ukalilaza ubavu. Waliokuwa juu walitupwa mtoni pamoja na turubai, na turubai likawafunika. Chimène alipatikana humo, amelishika kwa mikono miwili.

Mwenye boti alisema lilikuwa gogo. Mchungaji alisema saa ya Mungu ilikuwa imefika. Majirani walimtaja shangazi mmoja na uchawi wake. Fanny, mdogo wake Chimène, naye alisema ni gogo, akalisema kila alipomletea shemeji yake chakula, maana alimpenda na hakutaka kumwona amekonda. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna jibu lililomgusa fundi. Lakini usimwonee huruma haraka hivyo. Muda wote huo aliendelea kujenga ghorofa, kwa sababu kazi zilikuja, na kwa sababu mtu akikaa bure anaanza kufikiri.

Jumapili moja alikuwa akipita mtaa wa Mangobo, mbele ya kiwanja cha Franck anayetengeneza simu, akasikia wanaume wanacheka mpaka wanakohoa. Akachungulia. Katikati ya ua palikuwa na friji iliyokufa zamani, imelazwa chali, mlango umeng'olewa, imejazwa maji pomoni. Ndani ya maji zilielea manowari. Manowari kweli, za urefu wa mkono, za mbao na mabati ya sardini, na mizinga ya kalamu, zimepakwa rangi ya kijivu.

Wenye friji hiyo walikuwa watatu. Franck ndiye aliyekuwa na simu yenye picha za manowari. Augustin, mwalimu wa historia, ndiye aliyekuwa na maneno. Wa tatu alikuwa Papa Jafari, fundi wa majeneza, Mwislamu ambaye yeye mwenyewe hatazikwa ndani ya jeneza na anayewacheka wanaozikwa humo. Vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi yake ndivyo vilivyokuwa meli za wote. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari. Lakini uwasikie wakibishana! Ungedhani kila mmoja ana bandari yake nyumbani. Mzinga mrefu au chuma kinene? Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kule Ziwa Tanganyika kwa woga au kwa akili? Juu ya hilo Franck na Augustin waliwahi kununiana majira mazima ya mvua.

Na walikuwa na sheria, ambayo Jafari ndiye aliyeitunga. Manowari mpya inawekwa majini na kokoto tumboni, mahali pa mafuta na risasi. Ikisimama, bado haijafaulu. Kisha kokoto zinatolewa, kwa sababu meli inayotoka vitani imemaliza mafuta na risasi zake, na Augustin alikuwa amesoma kwamba Waamerika walipoteza manowari kwenye dhoruba kwa kosa hilo hilo, matangi matupu. Hilo waliliita jaribio la tumbo tupu. Jafari anapuliza. Ikipinduka, inakwenda kwenye mbabula, jiko la makaa, kuchoma samaki wa siku hiyo, na aliyeijenga anakula wa kwanza na kusema asante. Augustin aliwahi kulia meli yake ikiungua. Jafari alimwomba asogee pembeni, asije akazima moto.

Kilichowachekesha siku hiyo ilikuwa manowari ya mfalme mmoja wa Uswidi, miaka mingi iliyopita, iliyozama siku yake ya kwanza, mbele ya watu waliokuja kuishangilia.

"Waliweka mizinga juu, étage mbili, ghorofa juu ya ghorofa," alikuwa anasema Augustin, "na majiwe ya chini kidogo tu. Upepo moja, pff!"

Alexis alisimama mlangoni. Yeye hakucheka. "Na gogo?" aliuliza. "Hakukuwa gogo?"

Jafari alimgeukia bila haraka. "Gogo ya nini, papa? Bahari ya mufalme iko na magogo? Ni fundi. Kila mara ni fundi."

Tangu Chimène azikwe, hakuna aliyekuwa amemwambia Alexis neno gumu. Lile lilimwingia, na, ajabu, lilimpa nafuu. Hapa kuna watu wanaozungumza juu ya meli iliyopinduka bila kumtaja Mungu wala shangazi. Akaomba kuingia kwenye chama.

Alijenga meli yake jioni baada ya jioni, na hakubuni chochote. Ilikuwa lile boti lenyewe, limepunguzwa hadi urefu wa mkono: tumbo lile lile, nguzo zile zile, ghorofa na ukingo wake, hata turubai, kwa kipande cha mwavuli. Kwa abiria aliweka boluti, kwa saruji kokoto. Ili wasimkatalie, aliipachika mzinga mbele, akaandika jina ubavuni kwa rangi nyekundu: Chimène. Alitaka kujua. Kama boti lingesimama na tumbo tupu, basi ni gogo, na angeweza kulala usiku. Kama lingepinduka, basi ni yeye.

Jumapili iliyofuata aliitua majini. Augustin alisoma jina, akamtazama Jafari. Augustin alikuwa amekesha kwenye matanga ya Chimène; Jafari alikuwa amelitengeneza jeneza lake. Wakajaza kokoto, meli ikasimama vizuri, Jafari akapuliza kidogo, kwa adabu, na Franck akapiga makofi upesi upesi.

"Imepita! Bon, mbisi iko tayari, tukule," alisema, akigeuza samaki kwenye mbabula.

"Na tumbo tupu?" aliuliza Alexis.

"Ile si lazima leo," alisema Augustin. "Weye uko mugeni, ndeko yangu. Kaa."

"Ya wengine munatosha majiwe, munayatoa yote."

"Alexis, kula mbisi."

Tazama watu hawa! Wiki zote wanachoma kazi za wenzao na kucheka, na siku mtu anapokuja kuuhitaji ukatili wao, wanageuka kuwa masista wa parokia. Alexis alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Ilikuwa huruma ile ile ya mchungaji, ile ile ya sahani za Fanny. Akamgeukia Jafari, aliyekuwa amekaa kimya, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

"Papa Jafari. Mi sikukuya hapa kwa mbisi."

Jafari akakunja mikono ya kanzu yake, akaanza kutoa kokoto moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Boti lilianza kuinuka majini, likawa jepesi, likapendeza. Boluti zilibaki juu, zimejipanga chini ya kipande cha mwavuli.

Jafari akapuliza. Hakupuliza kwa nguvu. Alipuliza kama mtu anayepoza chai. Boti lililala ubavu bila kusita, na boluti zikaanguka moja baada ya nyingine hadi chini ya friji, na mwavuli ukatandazika juu ya maji.

"Tosha étage," alisema Alexis. Sauti yake ilikuwa kavu. "Weka watu chini. Puliza tena."

Wakang'oa ghorofa, wakaweka boluti zote tumboni. Jafari akapuliza. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, mpaka akakohoa. Boti lilitikisika, likasimama.

"Umeona," alisema Jafari akijifuta mdomo. "Hakuna gogo ndani ya friji ya Franck."

Franck alimwomba asiichome, angalau hiyo, kwa sababu ya jina. Jafari akasema sheria haisomi majina. Akaivunja juu ya goti, tumbo na ghorofa, akavitia kwenye mbabula, na rangi nyekundu ikachemka na kunuka. Samaki alipoiva, Alexis alikula wa kwanza.

"Aksanti," alisema.

"Na zingine?" aliuliza Jafari. "Étage ya mikono yako, ziko ngapi kwenye mayi sasa hivi?"

Alexis aliacha kutafuna. Katika siku zote za kujitesa, swali hilo halikuwa limemjia. Alikuwa ameshughulika na maiti wake mmoja.

"Ine," alisema, akiinua vidole vinne. "Moja iko naenda Barumbu kesho. Shemeki yangu Fanny iko ndani."

"Alors unakaa hapa unakula mbisi kwa nini?"

Asubuhi alikuwa ufukweni mapema. Boti la kwenda Barumbu, mali ya Papa Eddy, lilikuwa limeshiba saruji na bia, na ghorofani abiria walishatandika mikeka. Eddy alimsikiliza nusu tu, akacheka, akasema fundi anayeikashifu kazi yake mwenyewe lazima amelewa. Basi Alexis akamtafuta Fanny. Alimkuta anafunga marobota yake, akamwambia yote akiwa amesimama, mbele ya watu: saruji itashushwa Isangi, boti litakuwa jepesi, watu watabaki juu, litalala. Kama lile.

Fanny aliacha kufunga. "Kama lile? Donc haikukuwa gogo?"

"Hapana."

"Nani alijenga étage ya lile?"

Fanny alijua. Alitaka Alexis aseme mwenyewe. "Ni mi," alisema Alexis.

"Mi nilikuwa nakuletea chakula," alisema Fanny polepole. "Kila siku nasema ni gogo, ni gogo. Na weye unakula, unanyamaza. Ulijua tangu siku gani?"

"Jana. Tulijaribu. Kwa Franck, ndani ya friji."

Mtu mmoja ghorofani alirudia neno hilo, friji, na kicheko kikashika boti zima. Wakamwita Fundi Friji. Fanny naye alicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko kofi. Alexis akaokota mtalimbo, akaanza kung'oa ubao wa ghorofa, na kelele ikabadilika: wanawake waliokuwa wamepata nafasi juu walimmwagia maji ya kuoshea mihogo, na mabaharia wa Eddy wakamshika mikono na miguu, wakamtupa kwenye tope. Kutoka huko chini alimwona Fanny akipanda ngazi. Hakwenda katikati. Alikaa ukingoni kabisa, miguu ikining'inia nje, akimtazama shemeji yake mpaka boti likapotea.

Alexis hakurudi kazini. Alishinda ufukweni kila siku, na kila mtumbwi uliopanda kutoka chini aliuuliza habari. Jafari alikuja mara mbili tatu kukaa naye. Hakumfariji, walizungumza juu ya uzito, juu ya upepo wa Isangi, juu ya Waamerika na matangi yao. Alexis alikuwa ameshamzika Fanny moyoni. Alikuwa amelichagua hata neno atakalomwambia mama mkwe.

Kisha, mchana mmoja mweupe, boti la Eddy likatokea kwenye kona, zima, likipiga honi. Lilikuwa zito kwa mawese na mpunga, na ghorofani watu walikuwa wanaimba.

"Tumbo imejaa," alisema Jafari kando yake, bila kugeuka. "Ile ya kurudi haihesabiwi."

"Na ya kwenda? Pale Isangi?"

Jafari aliinua mabega. "Labda upepo ulikuwa umelala."

Fanny aliteremka amechoka, ana vumbi la mpunga kichwani, na hasira ilikuwa imemwisha njiani. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Alexis, akamshika mkono mbele ya wote.

"Umeona, shemeki? Étage yako iko muzuri. Haikuua mutu. Ni gogo. Sasa acha kujitesa."

Ilimpasa kufurahi. Mtu yeyote angefurahi. Hata Jafari, kwa aibu, alitabasamu. Lakini Alexis alipolitazama boti lile limesimama wima mbele yake, kilichomjaa kifuani kilikuwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa amesubiri jibu, na halikuja. Alikuwa ametamani boti lilale; aliliona wazo hilo waziwazi, likiwa uchi, na Fanny mzima ameshika mkono wake. Likamtisha, na halikuondoka.

Akalinyanyua gunia la shemeji yake, akalipandisha ukingoni mwa mto, akamuuliza kwa sauti ya kawaida watasafiri tena lini.