Kipande Nilichokiacha Cheupe

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja mama yangu aliponiita chumbani kwake. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa Bagamoyo. Baba alikuwa amefariki majuzi tu, na mama amekaa eda: hatoki nje, hajipambi, mchana kutwa yuko kwenye msala wake.

"Mume wangu nimeishi naye tangu usichana," akaniambia. "Alipotoka mlango ule mabegani mwa watu, mimi nilibaki ndani na wanawake wenzangu. Sijui mlimpitisha wapi, sijui mmemlaza mahali gani. Wewe si mchoraji? Nionyeshe."

Mchoraji kweli nilikuwa, na kichwa kimenivimba kwa sifa. Nilikuwa nachora mapazia ya studio ya picha, yale watu wanayosimama mbele yake: bustani, chemchemi, ndege ya abiria imetua. Viumbe wenye roho sikuchora, kwani baba alinikataza tangu utotoni. Kazi yangu ilikuwa mahali tu, na mahali nilidhani napajua.

Nikatwaa kasha la sabuni, nikalikata dirisha upande wa mbele, nikatia fito mbili ndani na kuviringishia kitambaa kirefu cha marekani. Ukizungusha fito, picha inatembea. Mtazamaji amekaa, mahali ndipo panapompita. Ninyi leo mna kompyuta ya kufanya hivyo, sisi tulikuwa na viganja. Nikachora barabara iliyonyooka, maua huku na huku, minazi imepangwa kama askari wa gwaride, na mwisho makaburi meupe chini ya anga la buluu. Nikamzungushia mama kwa madaha.

Alitazama mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba.

"Pazuri," akasema. "Lakini huku ni wapi? Mimi nimezaliwa mji huu, maua haya sijawahi kuyaona. Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Baba yako mmemfikisha upesi mno."

Nilikasirika. Nikatoka na kubamiza mlango, Mungu anisamehe, mlango wa mfiwa! Lakini miguu ikanipeleka yenyewe njia ile tuliyomchukulia baba. Nilipofika uchochoroni nyuma ya msikiti, bega langu likakumbuka. Kuta zilitubana pale, jeneza tukaliinamisha lipate kupita, nami nikachubuka kiwiko kwenye mawe. Mbele kuna kisima, ndipo mjomba aliponipokea mzigo. Nikasimama kisimani nikijaribu kukumbuka tulivyokwenda kutoka hapo, nisikumbuke kitu.

Nikarudi nyumbani nikaanza upya. Safari hii uchochoro niliuchora mwembamba kuliko ulivyo, kuta zimeinama zinataka kukutana, maana bega liliuona hivyo. Uwanja wa kisima nikaupanua kupita kiasi, kwa kuwa pale ndipo nilipovuta pumzi. Baada ya kisima nikaiacha marekani nyeupe, kipande kirefu, mpaka kaburini.

Mama aliifuata picha kwa kidole. "Nyuma ya msikiti hapa," akasema. "Lo, mlibanwa! Na hapa kisimani." Kisha weupe ukaingia dirishani. Nikazungusha, bado weupe.

"Hapa mbona hakuna kitu?"

"Sikuona kitu, mama. Nilikuwa nalia."

Tangu msiba sikuwa nimetoa chozi mbele yake. Watu walisema mwanamume ajikaze, nami nikajikaza, naye maskini akalia peke yake akidhani mwanawe ana moyo wa jiwe. Akaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Usizungushe," akasema. "Tukae hapa kidogo."

Tukakaa, tukalia wote wawili. Aliporidhika akaniashiria niendelee, tukafika kwenye mkorosho uliopinda na mchanga mbichi chini yake. Mama akavuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Sasa nimemsindikiza."

Mwanangu, jana ulinionyesha picha zako zinazotembea kwenye kompyuta: nyumba haina sakafu, ngazi inapanda huku inashuka, bahari imening'inia darini. Uliogopa nitacheka. Sicheki ng'o! Ukuta niliuinamisha mimi kabla hujazaliwa. Ninachokuuliza ni kimoja tu: hapo amepita nani, na pamembana wapi? Uchore palivyokubana na palivyokupa pumzi. Maua ya kuazima yaache studio. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na pale ambapo hukuona kitu, usipajaze kwa kuona haya. Paache peupe. Huenda kuna mtu anatafuta pa kukaa alie.

Mola akujaalie mkono mwepesi na moyo mkweli. Akufungulie njia pana, na itakapokubana, asikukoseshe mtu wa kukupokea mzigo. Amina.