Maharage ya Bibi Tuliyoyaanika Baharini

Enzi zetu sisi watoto wa Mgeta, likizo ilikuwa kupalilia kabichi na kubeba karoti kichwani mpaka lori lilipoishia. Kwa hiyo mama aliposema tunakwenda visiwani, huko Mafia, mimi na mdogo wangu Zuhura tulizunguka kijiji kizima tukiaga kama tunakwenda kuhiji.

Kumbe haikuwa matembezi. Dada yake mama, mama mkubwa wetu, alikuwa ameolewa na mtu wa visiwani bila kumngoja mjomba atoe neno, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto. Mama akasimama na mjomba, harusini hakwenda, na dada yake akanuna miaka sita. Aliyechoka ni bibi. Alijaza ndoo maharage ya shambani kwake, akamkabidhi mama. "Mkayapike mle sahani moja," alisema. "Na uniletee salamu kutoka mdomoni mwake."

Tulipofika mama alisema, "Shikamoo dada." Mama mkubwa akajibu, "Marahaba." Siku mbili nzima mazungumzo yao yakawa hayo tu, asubuhi na jioni. Yaliyobaki mama mkubwa alimwambia paka. Maharage nayo yalilowa kwenye mashua, yakaanza kunuka, na mama aliona aibu kuyatoa hivyo. Akatunong'oneza tukayaanike penye jua.

Sasa mtoto wa Mgeta tambarare anaijulia wapi? Kwetu ukiangusha kiazi unakikuta kwa jirani. Tulipotoka tukaona uwanja mweupe, mpana, umefika mpaka kisiwa cha pili, watu wanavuka kwa miguu. Tukawasikitikia wenyeji, uwanja mzuri namna ile na hakuna aliyeanika hata mchicha. Tukatandika mkeka katikati, tukamwaga maharage, tukaenda zetu kuokota makombe.

Maji yalipotugusa miguu, Zuhura aliangalia juu. Na mimi nikaangalia juu. Maisha yetu yote maji yalitoka mlimani, tukawa tunatafuta mlima wenyewe uko wapi. Tulipogeuka, mkeka unaelea na ndoo iko safarini.

Mama alikuja mbio, akaingia na gauni lake la safari, kuogelea hajui, akawa anazoa maharage kwa mtandio. Mama mkubwa akamfuata, akamshika kiuno.

"We mtoto, toka majini! Utakufa kwa ajili ya maharage?"

"Ya mama haya, dada. Kakutumia wewe."

Mama mkubwa alimwangalia, akaangalia mtandio uliojaa maharage na mchanga. "Yaani mmeanika baharini," alisema, akaanza kucheka mpaka akakaa majini. Mama akalia, akacheka, akalia tena. Sisi tulilia moja kwa moja, tukijua fimbo inakuja. Haikuja.

Jioni walikula sahani moja, kila tonge meno yanasaga mchanga. Mama mkubwa akamtuma mama amwambie bibi kwamba amezidisha chumvi.

Wanangu niliwapeleka visiwani mwaka jana. Kabla hawajavua viatu, simu ilishawaambia maji yanajaa saa ngapi. Hawakupoteza hata ndala, na waliporudi hawakuwa na cha kusimulia. Nisiwacheke sana, maana Zuhura, ambaye siku hizi anaishi Dodoma, ana mwaka wa pili amenibloki kwenye simu. Kisa sikuvaa sare kwenye kitchen party ya binti yake. Inaniuma kuliko ninavyosema. Bibi wa kunikabidhi ndoo hayupo tena, nimejinunulia maharage mwenyewe sokoni hapa Morogoro. Binti yangu ananishauri nimpe konda wa basi, eti saa nane yatakuwa yamefika.

Nimekata tiketi ya Jumamosi, nitayabeba mapajani. Sare nimeishonesha, nitaivaa. Ila naogopa, maana nikishasema hodi na Zuhura akanuna, Dodoma hakuna bahari.